Namba Zisizofutika

Mwaka jana niliunda kisanduku cha kupunguza nguvu za stima, chenye swichi ya volti 6, 9 na 12. Namba niliziandika kwa kalamu ya wino mzito. Baada ya wiki chache jasho la vidole likawa limezilamba zote. Mjomba akachomeka redio yake ya volti 6 kwenye 12. Moshi! Redio ile sasa ni pambo la kabati.

Nikaandika upya, nikapaka juu rangi ya kucha, ile isiyo na rangi. Lo! Dawa iliyomo ikayeyusha wino, namba zikawa tope.

Siku hizi nachapisha kwenye karatasi ya plastiki angavu kwa printa ya leza, maandishi yakiwa yamegeuzwa kama kwenye kioo. Unga wa leza huyeyushwa ukashika plastiki, hivyo hauogopi maji. (Chagua plastiki inayostahimili joto, la sivyo itagandia ndani ya printa na mwenye saiba atakufukuza.) Upande wenye maandishi unalazwa chini, juu ya karatasi nyeupe, kwa hiyo kidole kinagusa plastiki tupu. Bati hutobolewa kwanza. Mashimo ya plastiki yanakatwa kwa wembe, kwani keekee huichana. Gundi si lazima, nati za swichi zinabana kila kitu.

Yangu ina miezi minane na bado inasomeka. Hata hivyo mjomba, kabla ya kuchomeka redio mpya, huniita: "Kijana, hii ni sita kweli?"