Vilima Visivyotaka Mbolea

Ukivitazama kwa mbali mwezi wa Mei, vilima vya South Downs, kusini mwa Uingereza, utadhani havina kitu. Miti ni ya kuhesabika, mito haionekani. Ni migongo ya kijani tu, inayofuatana hadi inapokatika ghafla pale Beachy Head, kwenye genge jeupe la mita 162 juu ya bahari. Apitaye na gari haambulii chochote. Sharti upande kwa miguu, kisha upige magoti.

Chini ya majani hayo kuna mwamba wa chaki, mabaki ya viumbe wadogo mno waliotuama chini ya bahari enzi za dinosaria. Juu yake udongo ni kidogo, hauna rutuba, na mvua ikinyesha maji hupenya mara moja yakapotea. Mkulima angeukataa. Lakini umaskini huo ndio unaoleta maua: pasipo na chakula cha kutosha, hakuna jani linalonawiri likayafunika mengine, na kila mmea hupata upenyo wake. Katika mita moja ya mraba huweza kuota hadi aina 40 za mimea. Mwaga hapo mbolea ya chumvichumvi, nyasi chache zitashamiri na maua yatatoweka.

Karibu na mji wa Brighton kuna hifadhi ya Castle Hill, inayosifika kwa okidi buibui. Ni mmea mfupi, rahisi kuukanyaga. Ua lake lina mdomo wa kahawia wenye vinyweleo, katikati umechorwa alama inayong'aa yenye umbo la herufi H. Halina asali ya kumpa mgeni. Badala yake hutoa harufu inayofanana na ya nyuki jike wa aina fulani. Dume huja mbio akidhani amepata mwenzi, akahangaika juu ya ua, na kuondoka na vifurushi vya chavua vimemganda kichwani. Akidanganyika tena kwenye ua la pili, uchavushaji umekamilika. Mimi sijaona hila nzuri kuliko hiyo.

Ukiwa bado umeinama utasikia kipozamataza. Ndege huyu wa rangi ya udongo hupaa wima huku akiimba, dakika baada ya dakika bila kituo, hadi anabaki nukta angani. Kiota chake kiko chini, majanini. Idadi yake Uingereza imepungua kwa zaidi ya nusu tangu miaka ya 1970. Sababu kubwa ni ngano kupandwa majira ya vuli badala ya machipuko: wakati wa kutaga ukifika, mimea imeshakuwa mirefu na imesongamana mno.

Nyika zenyewe nazo zimelimwa. Tangu Vita Kuu ya Pili, takriban asilimia 80 ya nyasi za chaki za nchi hiyo zimepotea. Hili linaniuma, kwa kuwa zilitunzwa karne kwa karne na meno ya kondoo na sungura tu. Mwaka 1953 ugonjwa wa miksomatosi uliingia, ukafyeka karibu sungura wote. Vichaka vikapanda. Aliyeumia sana ni mhozi, ndege mdogo mwenye kiuno cheupe, anayependa majani mafupi na hutaga ndani ya mashimo ya sungura. Zamani wachungaji wa Sussex, eneo la vilima hivi, walimtega kwa vitanzi vya singa za farasi wakamuuza Brighton aliwe. Wa Uingereza huenda Afrika Magharibi baridi ikianza. Ndugu zake wa Alaska huvuka Asia nzima wakaja hadi Kenya.

Siku hizi wahifadhi wanawarudisha kondoo, wakiwaleta vuli na kuwaondoa kabla maua hayajachanua. Mwenye mbwa, sheria inamtaka amfunge kamba fupi kwenye nyika za wazi kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, kwa sababu ya viota. Asiye na mbwa naye aangalie anapokanyaga.