Neno Furu na Sababu za Kupotea kwa Viumbe

Neno furu, litumiwalo na wavuvi wa Mwanza, humfanya msikilizaji adhani kuwa ni jina la samaki mmoja mdogo. Kwa hakika ni jina la jamii kubwa. Wataalamu hukadiria kuwa furu wa Ziwa Viktoria walikuwa aina 500 au zaidi, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Aina nyingi zimekwisha kutoweka. Lakini neno lingali hai, na kwa hiyo sikio halikupata habari ya msiba.

Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa viumbe lilitaja sababu kuu tano za upotevu wa namna hii: kugeuzwa kwa matumizi ya ardhi na bahari, uvunaji uliopita kiasi, kubadilika kwa tabia ya nchi, uchafuzi, na viumbe wageni. Katika ziwa hili sababu hizo hazikuja moja moja, bali zilishikana mikono.

Mapema katika karne ya 20 nyavu za makila ziliingia, na ngege, aliyependwa sana kwa chakula, akapungua. Katika miaka ya 1950 sangara akaletwa ili kuongeza kitoweo. Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu, alipozidi katika miaka ya 1980, aliwala wenyeji wake. Ni kweli kwamba alileta viwanda na fedha. Lakini nyama yake ina mafuta mengi, haianikwi juani kama dagaa. Hukaushwa kwa moshi, na kuni hukatwa.

Miti ikikatwa, mvua huchukua udongo. Udongo, mbolea ya mashamba na taka za miji zikastawisha mwani, maji yakafifia. Furu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Pasipo nuru, aina huchanganyika, na tofauti zao hufutika bila mzoga kuonekana.

Tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wameanza kurudi, hasa sangara alipovuliwa kwa wingi. Basi mtunga kamusi asitosheke kuandika “samaki mdogo wa ziwani”. Hana budi kuwauliza wavuvi wazee majina waliyoyatofautisha, maana kisichokuwa na jina hupotea pasipo wa kukiulizia.