Maneno ya Kuchanganya

Mara nyingi mtu hupewa maagizo, akayafuata kwa bidii, na kazi ikamharibikia. Aliyeagiza husema, "Nilimwambia achanganye." Aliyeagizwa hujibu, "Nimechanganya." Wote wawili wasema kweli, kosa limo katika neno. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza maneno machache yatumiwayo kwa kutia vitu mbalimbali pamoja hata vikawa kitu kimoja. Maneno hayo hayalingani, na walimu na wakubwa wa vijiji ndio wayatumiao kila siku kuwaagiza wengine.

Kuchanganya ndilo neno pana kuliko yote. Ni ndugu ya kuchanga, yaani kila mtu kutoa sehemu yake. Lasema kwamba vitu vilivyokuwa mbali vimekutanishwa. Halisemi kwamba vimekuwa kitu kimoja. Mahindi na maharagwe yakichanganywa katika kikapu, mwenye subira aweza kuyachambua tena punje kwa punje.

Kukoroga ni kazi ya mwiko au kijiti ndani ya kitu cha majimaji. Lakini neno hili nalo lataja kazi, halitaji mwisho wake. Koroga mafuta na maji upendavyo. Ukiacha kidogo, mafuta yatapanda juu. Chumvi ikikorogwa katika maji huyeyuka, na hapo hapana awezaye kuitoa kwa mkono. Hana budi kuyakausha maji kwa jua au kwa moto.

Kukanda ni kwa mikono na kwa nguvu, kama unga wa mkate au udongo wa mfinyanzi. Kusonga ni kwa ugali: unga hutiwa katika maji yachemkayo, ukageuzwa na kubanwa kwa mwiko hata yasibaki madonge. Kuvuruga ni kuchanganya kwa fujo, vitu vikaharibika. Ndiyo maana hatumwambii mpishi avuruge.

Kuunganisha ni jambo lingine. Mbao mbili zikiunganishwa kwa misumari zashikamana, lakini kila moja hubaki ubao. Na kusawazisha ni kuondoa tofauti, vitu vikawa vya kipimo kimoja. Mfano wake ni lugha yetu yenyewe. Wako wadhanio kwamba Kiswahili cha vitabuni kilipatikana kwa kuzikoroga lahaja zote za pwani. Sivyo. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 lahaja ya Unguja ilichaguliwa iwe msingi, na tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja ikafanya kazi ya kusawazisha tahajia na matumizi ya maneno. Kimvita na Kiamu havikuyeyuka. Vyasemwa hata leo.

Basi mwenye kuagiza afanyeje? Ataje kwanza neno la kazi, kisha aongeze "hata," na baada yake alama ambayo macho yaweza kuiona. Katika kutengeneza zege la sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, haitoshi kusema, "Changanya." Tuseme: "Changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu hata rangi iwe moja, tia kokoto, geuza tena, kisha tia maji kidogo kidogo." Fundi asipoambiwa hivyo, pengine atamwaga maji mapema, na ukuta utakuwa na mahali penye saruji nyingi na mahali penye mchanga mtupu. Hapo ndipo utakapopasuka.

Jambo kubwa zaidi ni maji ya chumvi na sukari apewayo mtoto mwenye kuhara, ikiwa pakiti za dawa hiyo hazipatikani zahanati. Kipimo chake ni lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, navyo visawazishwe juu, visiwe vya kujaa kama kilima. Mama akiambiwa "achanganye" tu, huenda akatikisa chupa mara mbili akaiacha. Chumvi itakaa chini. Mtoto atakunywa kwanza maji matupu, na mwisho maji ya chumvi kali, nayo chumvi nyingi ni hatari kwake. Aambiwe hivi: "Koroga hata chumvi na sukari ziyeyuke zote, usione hata chembe chini." Kisha aulizwe arudie maneno hayo kwa kinywa chake, ajulikane kama ameyashika.

Twawaomba walimu wawape wanafunzi zoezi la kuandika maagizo ya namna hii kwa kazi za nyumbani kwao, na kila agizo liwe na "hata" yake.