Kukataliwa kazi saa nane kasoro usiku: nani alisoma CV?

Wadau, tuseme umetuma maombi ya kazi saa saba kasoro dakika tano usiku. Saa nane kasoro dakika kumi, usiku huohuo, unaletewa imeili kwamba hukuchaguliwa. Mimi ningejiuliza: bosi gani yuko macho ofisini muda huo anasoma CV?

Hayo yalimkuta jamaa mmoja Marekani, mtu mweusi mwenye shahada na aliyevuka miaka 40. Anasema tangu 2017 aliomba kazi zaidi ya 100 kwenye makampuni tofauti, kote akapigwa chini. Makampuni hayo yalifanana kitu kimoja: yote yalipokea maombi kupitia programu ya kampuni inayoitwa Workday. Februari 2023 akaenda mahakama ya shirikisho kule California akaishtaki Workday yenyewe, akidai programu zake zinachuja watu kwa rangi, umri na ulemavu. Workday wakakanusha.

Najua kuna mtu atauliza, kompyuta itambaguaje mtu wakati haina chuki? Ngoja nifafanue.

Programu haihitaji kukuuliza umri. Mwaka uliomaliza chuo unatosha kuukadiria. Jamaa huyu alisoma chuo ambacho kihistoria ni cha watu weusi, kwa hiyo hata jina la chuo linaweza kudokeza rangi yake. Na kama programu imejifunza kwa kuangalia walioajiriwa zamani, na wengi wao walikuwa vijana weupe, itaendelea kuwapendelea wanaofanana nao.

Sheria inasemaje? Marekani wana sheria ya haki za kiraia ya 1964 inayokataza kumnyima mtu kazi kwa rangi, na ya 1967 inayowalinda wenye miaka 40 na zaidi. Halafu 1971 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua kesi ya kampuni ya umeme ya Duke Power. Kampuni ilidai cheti cha sekondari na mitihani hata kwa kazi ambazo hazikuvihitaji, na watu weusi wengi wakabaki nje. Mahakama ikasema si lazima uthibitishe nia mbaya. Kama kigezo kinawafungia kundi fulani nje na hakihusiani na kazi, hicho nacho ni ubaguzi.

Ndiyo njia iliyomwokoa jamaa yetu. Julai 2024 jaji Rita Lin alitupa dai la ubaguzi wa makusudi, lakini akaruhusu lile la matokeo liendelee. Alisema Workday inaweza kuhesabiwa kama wakala wa waajiri. Yaani ukikabidhiwa kazi ya kukataa watu, huwezi kujitetea eti unauza programu tu. Mei 2025 akaruhusu, kwa hatua ya awali, dai la umri liwe la kundi, ili na wengine wenye miaka 40 na zaidi waliokwama kwenye mfumo huo tangu Septemba 2020 waweze kujiunga. Ni wangapi? Workday wenyewe walieleza mahakamani kwamba maombi bilioni 1.1 yalikataliwa kupitia programu zao katika kipindi hicho. Uamuzi huo haukusema kwamba Workday walibagua kweli. Hilo lilibaki la kuthibitishwa.

Kwangu mimi, uzito wa kesi hii uko hapa. Zamani bosi mmoja akikubagua, unakwenda kwa jirani yake. Siku hizi mabosi mia wanaweza kuwa na mlinzi mmoja getini. Akikosea juu yako, umekosea njia zote mia, na kila bosi atasema hajawahi hata kukuona.

Jambo la mwisho, wadau. Jamaa aliweza kuonyesha ile saa nane kasoro kwa sababu imeili ina saa yake. Kwa hiyo msifute imeili za kukataliwa, hata kama zinauma. Tupo pamoja.