Fahamu: Je, Kadi ya Mkopo ya Daraja la Juu Yamfaa Msafiri wa Pwani?

Kadi za mkopo za daraja la juu, ambazo hulipiwa ada kila mwaka na kumpa mwenyewe pointi za safari, bima, na ruhusa ya kuingia kumbi za mapumziko viwanjani mwa ndege, yafaa zipimwe kwa hesabu, wala si kwa fahari.

Mkazi wa Bagamoyo anunuaye changu mnadani ufukweni kwa fedha taslimu, akampa kondakta nauli mkononi na kulipa dukani kwa lipa namba, hapati hata pointi moja, kwa sababu pointi hutokana na malipo yapitayo katika kadi yenyewe.

Tuseme ada ni shilingi 400,000, na kuingia ukumbini bila kadi ni shilingi 80,000: italazimu kuingia mara 5 kwa mwaka ndipo ada irudi. Tena deni lisipolipwa lote kwa wakati, riba huila thamani ya pointi. Na anunuapo kwa sarafu ya kigeni, aghalabu hutozwa ada ya kubadili fedha.

Basi tajiri aendaye Dubai au Guangzhou mara kwa mara, akamaliza deni kila mwezi, yamkini atafaidika. Lakini asafiriye kwa nadra, na Mwislamu aiepukaye riba, heri wadumu na kadi ya kawaida inayokata fedha zilizomo katika akaunti. Kwa vyovyote, kabla ya kutia sahihi, idai benki orodha kamili ya ada zake kwa maandishi.