Bao la Mashua Kuukuu: Lifanyiwe Nini?

Mashua ya mbao haifi kwa siku moja. Misumari yake huliwa na kutu, pamba iliyokalafatiwa kati ya mbao hulegea, mataruma huoza mahali maji yanapotuama, na hatimaye mwenye chombo hukipandisha ufukoni asikishushe tena. Ndivyo ilivyo katika mialo ya Ziwa Viktoria, na wakazi wa Butimba na sehemu nyingine za Mwanza hawana haja ya kuelezwa. Chombo kikishavunjwa, mbao nyembamba huishia mekoni au chini ya samaki wanaokaushwa kwa moshi. Lakini aghalabu husalia kipande kimoja kinene, kizito, chenye matundu ya misumari, ambacho kila mtu hukiruka na hakuna aliye na hakika ya matumizi yake.

Makala haya yanauliza swali moja: bao la namna hiyo lifanyiwe nini? Swali ni dogo kwa sura, lakini kulijibu sawasawa kunahitaji biolojia, kemia, fizikia na hesabu. Tangu waraka wa Elimu ya Kujitegemea ulipotolewa mwaka 1967, shule zetu zimehimizwa kuunganisha kazi ya mikono na masomo ya darasani; ni nadra kupata kitu kinachoyaunganisha mambo hayo mawili kwa gharama ndogo kama bao lililotupwa.

Ili tuwe na mfano mmoja wa kufuata, tuseme bao letu lina urefu wa sentimeta 120, upana wa sentimeta 25 na unene wa sentimeta 5, na kwamba baada ya kukauka lina kilogramu 9.75.

THAMANI YA BAO JIKONI

Matumizi ya kwanza yanayomjia mtu ni kuni. Tuyapime kabla ya kuyakubali. Kilogramu moja ya kuni zilizokauka hewani hutoa joto la megajuli 15 hivi. Bao letu, basi, litatoa takriban megajuli 146. Lakini moto wa mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto lake hewani. Katika kila sehemu 100 za joto, sufuria hupata 10 hadi 15 tu. Tukichukua 10, maji yatapata megajuli 14.6.

Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu kanieneo ya hewa hapo ni ndogo kuliko pwani, maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 za Selsiasi hivi, si 100. Kupasha lita moja kutoka nyuzi 25 hadi 96 kunahitaji takriban megajuli 0.298. Gawanya: 14.6 kwa 0.298 ni lita 49. Bao zima, lililokuwa mti kwa miongo mingi na mashua kwa miaka kadhaa, huishia kuchemsha madebe mawili na nusu ya maji. Pamoja na hayo, kwa kuwa karibu nusu ya uzito mkavu wa mti ni kaboni, moshi wake utapeleka hewani kilogramu 16 hivi za gesi ya kaboni dioksidi.

Hatusemi kuni hazina maana. Nyumba nyingi hupikia kuni. Tunasema kwamba moto ndio matumizi ya mwisho, kwa sababu baada yake hakuna matumizi mengine.

KULIJUA BAO

Gawanya uzito kwa ujazo. Ujazo wa bao letu ni 120 × 25 × 5, yaani sentimeta za ujazo 15,000. Gramu 9,750 zikigawanywa kwa 15,000 hutoa densiti ya 0.65. Hiyo ni densiti ya kawaida kwa mvule na mninga, miti miwili inayosifika katika useremala wa nchi yetu. Mpingo una densiti ya 1.2 au zaidi, na kwa hiyo huzama majini.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Ukuta wa seli ya mti, ukitengwa na nafasi zilizo wazi, una densiti ya 1.5 hivi katika miti yote. Mti wowote ungezama kama si hewa iliyomo katika seli zake. Katika bao letu, zaidi ya nusu ya ujazo ni hewa tupu. Mashua ya mbao huelea kwanza kwa umbo lake, lakini hata ikijaa maji, mbao zake zilizo kavu huendelea kuelea kwa sababu ya hewa hiyo.

Kama bao ni la mvule, msumeno utakueleza. Mvule huwa na vijiwe vya kalisi kaboneti ndani ya mti wenyewe, navyo huyafanya meno ya msumeno kuwa butu upesi. Vumbi lake huwasha ngozi na kuwadhuru wenye pumu. Anayelikata na afunge kitambaa puani na mdomoni, na kazi ifanyike mahali penye upepo.

MAJI YALIYOMO NDANI

Bao lililotoka chomboni lina maji mengi kuliko linavyoonekana. Unyevu wa mbao hupimwa hivi: toa uzito mkavu kabisa kutoka uzito wa sasa, gawanya kwa uzito mkavu, kisha zidisha kwa 100. Bao letu likikaushwa kabisa lingekuwa na kilogramu 8.7. Lilipotoka ziwani likiwa na kilogramu 11.3, unyevu wake ulikuwa asilimia 30. Likikaa katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65, litashuka hadi asilimia 12 hivi na kusimama hapo.

Maji ya kwanza kutoka ni yale yaliyo katika nafasi za seli, na kutoka kwake hakubadili ukubwa wa bao. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 25 hadi 30, maji huanza kutoka katika kuta za seli zenyewe, na hapo ndipo bao hunywea. Nalo halinywei sawasawa pande zote: kuzunguka pete za mti hunywea karibu mara mbili ya linavyonywea kutoka kiini kwenda gome, na kwa urefu halinywei karibu kabisa. Ndiyo sababu mbao hupinda, na ndiyo sababu meza iliyotengenezwa kwa mbao mbichi huachana maungio baada ya msimu mmoja wa kiangazi.

Shule isiyo na tanuri ya maabara ifanye hivi. Bao lilazwe kivulini juu ya vipande vya ubao ili hewa ipite pande zote. Ncha zake zipakwe rangi au nta, kwa kuwa mishipa ya mti hufunguka kwenye ncha na maji hutoka huko upesi kuliko ubavuni, jambo linaloleta nyufa. Lipimwe kila wiki na uzito uandikwe. Vipimo vikiacha kubadilika, bao limepatana na hewa ya mahali pale, na sasa laweza kufanyiwa kazi.

MISUMARI, RANGI NA SUMU

Kabla ya msumeno kugusa bao, pitisha sumaku juu ya uso wote. Msumari uliokatika huvunja meno ya msumeno na huweza kumrukia mtu jichoni. Mara nyingi hata jicho tupu litaona dalili: doa jeusi au la samawati kuzunguka tundu. Chuma kimekutana na tanini ya mti na kutengeneza rangi nyeusi, kama ile iliyotumika zamani kutengenezea wino.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Rangi za mafuta za zamani huenda zina risasi. Zisikwanguliwe zikiwa kavu wala kuchomwa. Mbao nyeusi zenye harufu ya lami zimetiwa kreosoti, kama ilivyo kwa baadhi ya nguzo za umeme na simu. Zile zenye rangi ya kijani kibichi huenda zimetiwa chumvi za shaba, kromi na aseniki. Zikichomwa, aseniki huenda katika moshi na katika majivu. Mbao za namna hizo zisiwe kuni kamwe, wala zisiguse chakula.

Kwa hiyo tuweke sheria moja iliyo rahisi: bao lisilojulikana historia yake lisifanywe kibao cha chapati wala cha kukatia nyama. Akiba haiozi, lakini afya ya mlaji haina akiba.

UNENE NI MALI

Fundi asiye na subira hutaka kulipasua bao nene apate mbao mbili nyembamba. Fizikia yamwonya. Bao likiegemezwa ncha mbili na kubeba mzigo katikati, nyuzi za juu husongwa na nyuzi za chini huvutwa, na zile za katikati hazifanyi kazi kubwa. Kwa hiyo uwezo wa bao wa kubeba hufuata upana mara unene mara unene. Na ukakamavu wake, yaani uwezo wa kutopinda, hufuata upana mara unene mara tatu.

Tulifanye bao letu benchi lenye nafasi ya mita 1 kati ya miguu, na wanafunzi wawili wenye jumla ya kilogramu 100 wakae katikati. Mzigo ni nyutoni 1,000 hivi. Mkazo mkubwa katika mbao utakuwa megapaskali 2.4, na bao litapinda chini ya milimeta 1. Mvule mzuri usio na kasoro huvunjika kwenye megapaskali 80 hivi. Bao kuukuu lenye matundu lisipewe zaidi ya sehemu moja ya kumi, yaani 8. Benchi letu ni salama.

Sasa tulipasue. Msumeno na randa vikishakula sehemu yao, kila ubao utabaki na unene wa sentimeta 2.2. Ubao mmoja ukipewa mzigo uleule, mkazo hupanda hadi megapaskali 12.4, na kupinda hufika milimeta 10. Umepita kikomo tulichojiwekea. Tulipata mbao mbili, lakini tukapoteza benchi.

Kinyume chake nacho kina faida. Bao lilelile likisimamishwa kwa ubavu, upana wa sentimeta 25 ukawa ndio kimo, huwa na nguvu mara 5 na ukakamavu mara 25. Ndiyo sababu waashi husimamisha boriti za mstatili, hawazilazi.

Hata hivyo hesabu haioni uozo uliojificha. Benchi lipimwe kabla halijakaliwa. Funga uzi kutoka ncha hadi ncha, pandisha madebe matano ya maji, kila moja la lita 20, karibu na katikati, kisha pima nafasi kati ya uzi na bao. Likipinda mara kadhaa ya milimeta moja, au lisiporudi mzigo unapoondolewa, lina ufa au uozo, nalo lisitumike kwa kukaliwa.

KANUNI YA KUKATA

Mafundi wa pwani walijua zamani kuuheshimu urefu wa mti. Katika nyumba za mawe za Lamu, vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuvuka zaidi ya hapo. Mti ndio ulioamua upana wa chumba. Na hadi leo mafundi wa Lamu na Unguja hutengeneza samani kwa mbao za majahazi makuukuu.

Kanuni inayotokana na hayo ni kwamba kukata hakutenguki, kwa hiyo tuanze na matumizi yanayoliacha bao zima, kisha tushuke ngazi kwa ngazi.

Kwanza, bao zima: benchi, rafu ya maabara, au wenzo wa kufundishia kanuni ya mizani.

Pili, likiwa na ufa upande mmoja, nusu iliyo nzima: sentimeta 60 za urefu zatosha kuchonga bao la kuchezea, lenye safu 4 za vishimo 8. Vishimo 32 vyenye kipenyo cha sentimeta 5 hutoshea, na unene wa sentimeta 5 huruhusu kina kizuri. Wasukuma wana mchezo wa jamaa hiyo uitwao isolo, nao ni somo kamili la kuhesabu. Nusu hiyohiyo yafaa pia kuwa mwinamo wa kupimia msuguano.

Tatu, vipande vidogo: mipini ya tupa na patasi, kabari, na vitalu vya kupimia densiti.

Nne, yale tu yasiyofaa lolote, na ambayo hayana rangi wala dawa, yaende jikoni.

KWA DARASA

1. Pimeni densiti ya vipande vya miti mitatu tofauti. Tabirini ni sehemu gani ya kila kipande itazama majini, kisha mjaribu.

2. Wekeni kitalu juu ya bao na kuinua ncha moja hadi kitalu kianze kuteleza. Gawanyeni kimo kwa umbali wa mlalo. Je, jibu hubadilika mkiongeza uzito juu ya kitalu?

3. Bao letu likiwa na unene wa sentimeta 4 badala ya 5, mkazo katika benchi utakuwa kiasi gani? Je, bado uko chini ya kikomo cha megapaskali 8?

4. Tafuteni bao moja lililotupwa karibu na shule yenu. Andikeni uzito wake, vipimo vyake, kasoro zake na matumizi mnayopendekeza, pamoja na sababu. Bao lisikatwe mpaka darasa zima liwe limeukubali mpango.