Askari na Hati ya Korti: Jinsi Watu Waondolewavyo Katika Ardhi

Watu wengi wakiona askari polisi wamesimama mbele ya nyumba inayobomolewa hudhani ya kuwa askari ndio wenye shauri lile. Sivyo. Katika nchi ya Kenya askari hana uwezo wa kumwondoa mtu katika ardhi kwa kauli yake mwenyewe, wala kwa kuombwa na tajiri. Uwezo huo ni wa korti, na askari hufuata hati. Basi yafaa machifu na waalimu waifahamu hati hiyo, maana ndio waulizwao na majirani siku ya taabu.

Mambo huanza mbali. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kama ilivyoongezwa mwaka 2016, mwenye shamba akiona watu wamekaa humo bila idhini, hapana budi awape kwanza ilani isiyopungua miezi 3, kwa maandishi, katika lugha ya taifa iliyo rasmi. Wakiwa wengi, ilani hutangazwa pia katika magazeti yasiyopungua 2, na kubandikwa mahali pasipopungua 5 katika ardhi ile. Yapasa ieleze habari ya majengo na ya mazao yaliyo shambani. Nakala hupelekwa kwa naibu wa kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa sehemu ile, ili asije akasema baadaye kwamba hakupata habari.

Aliyepewa ilani aweza kwenda kortini, na korti yaweza kuithibitisha ilani, kuibadili, kuisimamisha au kuifuta. Lakini wengi hungoja tu, wakitumaini chifu atasema neno. Chifu hawezi kuitangua amri ya jaji.

Hukumu ikitoka, na aliyeshindwa akikataa kuhama, kazi ya kumtoa hufanywa na mtumishi wa korti au dalali mwenye leseni. Dalali akiogopa ghasia, huomba korti iamuru polisi wafuatane naye. Basi askari huja kulinda amani, ya mwenye kutolewa na ya mwenye kutoa. Yeye si kibarua wa mwenye shamba.

Siku yenyewe, sheria yataka wafanyao kazi wajitambulishe na kuonyesha hati zao. Watu wakiwa wengi, wakubwa wa Serikali wawepo. Wanawake, watoto, wazee na walemavu watunzwe. Nguvu isizidi haja. Mali iliyoachwa ilindwe. Tena wanaoondolewa wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa vitu vyao. Neno hili la mwisho husahauliwa sana, nalo lina faida kubwa: mtu abomoaye kwa mikono yake huokoa mabati, milango na boriti, akajenga tena kwingine, trekta likitangulia, haachiwi ila vifusi.

Korti huamuru watu watolewe, na pengine huamuru wasitolewe. Katika kijiji cha Mitumba, karibu na kiwanja cha ndege cha Wilson mjini Nairobi, wenyeji walipewa ilani ya siku 7 tu mwezi wa Septemba 2011. Wakaenda kortini, korti ikazuia. Walakini mwezi wa Novemba nyumba zao zilibomolewa. Shauri lilipanda hata Mahakama ya Juu, nayo ikatoa hukumu Januari 2021, ikilirudisha katika korti ya kwanza ili iamue wenyeji wapewe nini.

Kwa hiyo ajuaye kusoma na aiombe hati kwa adabu, aitazame: korti gani imeitoa, nambari ya kesi, muhuri, tarehe, majina ya walioshindwa, na nambari ya ardhi. Ikiwa nambari ya ardhi si ile ya shamba mlilosimama, mwonyesheni mkubwa wa askari papo hapo, kabla ukuta wa kwanza haujaanguka, mkaandike saa na jina lake.